Riwaya inapogeuka filamu: Kinachomfanya mtazamaji wa Kyela apende au akatae

Na Mwandishi Wetu, Kyela

NOVEMBA 2022, filamu ya Kitanzania iitwayo Vuta N'kuvute ilitwaa Tanit ya Dhahabu, tuzo ya juu kabisa katika Tamasha la Filamu la Carthage nchini Tunisia. Filamu hiyo iliyoongozwa na Amil Shivji imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, Septemba 2021, ilikuwa imeonyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto nchini Kanada.

Kwa mkazi wa Kyela, habari hiyo njema ina upande wa pili. Riwaya ya Vuta N'kuvute ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vitabu vya fasihi ya Kiswahili vilivyosomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini. Kwa maneno mengine, wapo walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara wa Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu ambao waliwahi kukesha wakiandika insha kuhusu Yasmin, Denge na Mwajuma. Hao wanawajua wahusika hao kuliko mtazamaji yeyote wa Tunis au Toronto. Hata hivyo, wilaya yao haina jumba la sinema, na filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu walichokisoma iliwafikia kwanza kama habari ya tuzo, si kama filamu.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: filamu huru ni ipi, riwaya hugeuzwaje kuwa filamu, na kwa nini watu wawili waliokaa benchi moja wanaweza kuitazama kazi moja na kutoka na hukumu mbili tofauti. Yanaeleza pia jambo ambalo husahaulika kila inapozungumzwa ladha ya watazamaji, nalo ni kwamba mtu huzoea kupenda kile kinachomfikia.

Filamu huru ni ipi?

Kwa maelezo mafupi, filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya makampuni makubwa yenye fedha na mtandao wa usambazaji. Mwongozaji hutafuta fedha mwenyewe, ama kutoka mfukoni, kwa marafiki, kwa mifuko ya sanaa au kwa wafadhili wa kigeni. Kwa kuwa hana mwenye mali wa kumwamuru, yeye ndiye huamua hadithi ianzie wapi, iishie wapi na nani aigize.

Kwa kipimo cha fedha peke yake, karibu filamu zote za Tanzania zingeitwa huru. Kamera za video zilipopungua bei, vijana wengi waliingia kazini kwa fedha za mfukoni. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 2000, soko la filamu za Kiswahili zilizouzwa kwa CD na DVD lilishikwa na wasambazaji wachache wa Dar es Salaam. Wao ndio waliokuwa na uwezo wa kusambaza nakala mikoani, hivyo walikuwa na sauti kubwa juu ya nani awe kwenye jalada na filamu iwe na urefu gani.

Watazamaji wa miaka hiyo wanakumbuka filamu zilizouzwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, kila moja kwa bei yake. Hadithi iliyotosha kusimuliwa kwa saa moja na nusu ilivutwa hadi saa tatu: gari linaegeshwa kwa dakika nzima, mtu anashuka ngazi zote, simu inapigwa na kusubiriwa. Wengi walidhani huo ni udhaifu wa waigizaji, kumbe mara nyingi yalikuwa matakwa ya biashara.

Kwa hiyo filamu inaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo na bado isiwe huru. Kipimo cha kweli ni nani mwenye neno la mwisho.

Kwa kipimo hicho, Tanzania ina historia yake ya filamu huru, ingawa ni fupi. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, Maangamizi: The Ancient One ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Bongoland ya Josiah Kibira ya mwaka 2003, na T-Junction ya Amil Shivji ya mwaka 2017 ni mifano inayofahamika. Maangamizi na Vuta N'kuvute ziliwahi pia kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za kimataifa, ya kwanza mwaka 2001 na ya pili mwaka 2022.

Kutoka kitabuni hadi kwenye kioo

Kugeuza riwaya kuwa filamu si kuipiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Riwaya inaweza kueleza kwa kurasa tatu mawazo yanayopita kichwani mwa mhusika akiwa ameketi dirishani. Filamu haina njia hiyo. Inapaswa kuyaonyesha mawazo hayo kwa uso, kwa mkono unaosita, kwa mwanga, kwa wimbo unaosikika nyumba ya jirani au kwa kimya.

Tofauti ya pili ni muda. Msomaji wa Vuta N'kuvute hukaa na kitabu kwa siku kadhaa, na Adam Shafi ana nafasi ya kumleta mhusika wa pembeni, kumpa historia yake na kumsafirisha. Filamu ina takriban saa moja na nusu. Shivji, aliyeandika mswada wa filamu pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini, alilazimika kuchagua. Alichobakiza ni uti wa mgongo: Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950 anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa na mume mzee, Mwajuma, rafiki anayempokea, na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza.

Tofauti ya tatu ndiyo inayozua ugomvi mkubwa zaidi, nayo ni sura. Kila aliyesoma kitabu amekwisha kuchora Yasmin wake kichwani. Filamu inapomleta Ikhlas Gafur Vora kuwa Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika kuwa Denge, msomaji anakuwa amepokonywa picha yake na kupewa nyingine. Anayetoka akilalamika kwamba filamu "imeharibu kitabu" mara nyingi analilia picha hiyo. Yule ambaye hakusoma hana hasara hiyo, naye hutazama kwa moyo mweupe.

Hapa ndipo ladha za watu zinapoachana. Wapo wanaoipima filamu kwa uaminifu wake kwa kitabu, na kwao kila tukio lililoachwa ni kosa. Wapo wanaoipima kama kazi inayosimama kwa miguu yake, na kwao swali ni moja tu, kama imewagusa. Pande zote mbili zina hoja. Lakini wa kwanza wanapaswa kukumbuka kwamba hakuna filamu inayoweza kufuta neno hata moja katika kitabu. Riwaya ya Adam Shafi iko pale pale rafuni kama ilivyokuwa mwaka 1999.

Lufufu, Nyerere na sanaa ya kugeuza

Husemwa kwamba mtazamaji wa mikoani hapendi filamu nzito, kwamba yeye anataka mapigano, vichekesho na mapenzi, na kwamba akikosa "steringi" asiyekufa ataondoka. Kauli hiyo haitoshi. Kwa miongo kadhaa, kilichofika katika vibanda vya video vya miji midogo, vinavyojulikana kama vibanda umiza, kilikuwa ni filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani, filamu za Kihindi, na baadaye za Kinijeria. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutopenda chakula ambacho hakijawahi kuwekwa mezani kwake.

Zaidi ya hayo, mtazamaji huyo ana mazoea ya muda mrefu ya kupokea hadithi iliyogeuzwa. Filamu za kigeni zilipofika bila Kiswahili, walijitokeza wafasiri waliosimulia juu ya picha. Aliyevuma zaidi nchini ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya walimpata DJ Afro, na Uganda wana kundi kubwa la wasimulizi wa aina hiyo.

Wasimulizi hao hawakutafsiri neno kwa neno. Waliongeza methali, wakaeleza desturi za kigeni kwa mifano ya nyumbani, wakawapa wahusika majina ya utani na kumwonya steringi kama vile anawasikia. Aliyekulia katika vibanda hivyo amezoea tangu utotoni kwamba hadithi ya mbali inaweza kuvaa nguo za hapa na ikaeleweka vizuri zaidi.

Sanaa hiyo hiyo, katika ngazi nyingine, ilifanywa na Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969. Mwaka huo wa 1969 ikafuata The Merchant of Venice, ambayo aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja la jalada, tamthilia ya Uingereza ya zaidi ya miaka 350 iliyopita ilianza kuizungumzia Tanzania ya wakati ule.

Ukanda huu nao una mtu wake katika kazi hiyo. Christon Mwakasaka, mtafiti wa fasihi simulizi ya Wanyakyusa, ndiye aliyeleta kwa Kiswahili tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Hadithi ya maofisa wa mji mdogo wanaomdhania mpita njia kuwa ni mkaguzi aliyetumwa kwa siri haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kitanzania.

Wenzetu walivyofanya

Mwandishi wa makala haya, akiulizwa anapenda zipi miongoni mwa filamu zilizotokana na kazi maarufu za fasihi, hutaja zile zilizothubutu kuhama na kukaa kabisa mahali papya.

Ya kwanza ni Hyènes ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1992. Chanzo chake ni tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt: mwanamke aliyetelekezwa akiwa kijana anarudi mjini kwao akiwa tajiri kupindukia, na kuwaahidi wenyeji fedha iwapo watamuua mwanamume aliyemkana. Mambéty aliihamishia Colobane, na ikawa hadithi ya mji maskini unaojifunza kukopa kabla haujakubali kuua. Hakuna anayeitazama leo akajiona yuko Uswisi.

Ya pili ni Omkara ya Vishal Bhardwaj wa India, ya mwaka 2006, iliyotokana na Othello ya Shakespeare. Katika tamthilia, ushahidi wa uongo unaomponza mke ni leso. Katika filamu, leso imekuwa mkanda wa vito unaovaliwa kiunoni, zawadi ya ukoo kwa bibi harusi. Leso inaweza kuokotwa na yeyote. Pambo la kiunoni likionekana kwa mwanamke mwingine, mtazamaji wa India anaelewa papo hapo ukubwa wa aibu, na wa pwani ya Afrika Mashariki anaelewa vilevile. Huko ndiko kugeuza kwa akili, kwa sababu kitu kimebadilishwa lakini kazi yake katika hadithi imebaki, tena imepata uzito zaidi.

Ya tatu ni U-Carmen eKhayelitsha ya Afrika Kusini, iliyoiweka opera ya Mfaransa Bizet katika kitongoji cha Cape Town, ikaimbwa kwa Kixhosa na kutwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005.

Karibu zaidi, ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ina mifano inayoihusu Kyela moja kwa moja, kwani nchi hizo mbili zinachangia ziwa moja, na Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu kwa lugha na desturi. Mwongozaji Shemu Joyah alitengeneza The Last Fishing Boat, hadithi ya mvuvi anayeshuhudia utalii ukibadilisha maisha ya ufukwe wake. Filamu yake nyingine, The Road to Sunrise, ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Malawi kuwania Oscar, mwaka 2018. Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor aliongoza The Boy Who Harnessed the Wind, iliyotokana na kitabu cha William Kamkwamba, kijana aliyetengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kichewa.

Kyela ina hadithi gani?

Swali linalofuata ni la haki: kama wenzetu wamefanya, ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa una maandishi gani yanayoweza kuzaa filamu?

Mwakasaka alichapisha mwaka 1978 kitabu cha fasihi simulizi ya Wanyakyusa, chenye hadithi na nyimbo zilizokusanywa kutoka kwa wenyewe. Kabla yake, Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu cha Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika. Katika utaratibu huo wa zamani, wavulana wa rika moja walihama nyumbani wangali wadogo, wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao na kukua pamoja hadi walipokabidhiwa nchi kwa sherehe ya ubusoka. Kijiji cha wavulana watupu, chenye urafiki, wivu na mashindano yake, ni mwanzo wa filamu ambao mwandishi yeyote wa mswada angeutamani.

Yapo pia masimulizi ya wanawake walionusurika utumwa katika ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, likiwamo la Bibi Narwimba. Yaliandikwa na wamisionari, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayaweka katika kitabu kimoja. Ni maisha ya kutekwa, kukimbia na kutafuta mlinzi, yaliyosimuliwa na waliopitia wenyewe.

Na yapo yaliyo wazi machoni. Mto Songwe huhama mkondo, na kwa kuwa ndio mpaka, shamba linaweza kujikuta upande wa nchi nyingine baada ya mafuriko. Huko Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, karibu na Matema, huku Safu za Livingstone zikishuka moja kwa moja hadi majini. Mandhari hayo hayahitaji kupambwa.

Sheria na gharama

Kijana wa Kyela anayetaka kugeuza riwaya kuwa filamu anapaswa kujua kwamba haki ya kugeuza ni mali ya mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mwandishi aliye hai au aliyefariki karibuni, lazima kuwe na ruhusa ya maandishi kutoka kwake, kwa warithi au kwa mchapishaji mwenye haki hiyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Hata hivyo, busara ni kuwasiliana na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kabla ya kuwasha kamera. Sheria hiyo ina sehemu pia inayolinda sanaa za jadi, hivyo hadithi za wazee nazo si za kuchukuliwa hovyo. Kibali cha kupiga filamu na upangaji wa madaraja ya watazamaji viko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania.

Gharama nazo zina sura ya mahali. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na Aprili mabonde hufurika. Mvua juu ya bati huua sauti ya waigizaji kuliko kelele yoyote ya mjini, na barabara za mashambani hazipitiki kirahisi. Miezi ya kiangazi, baada ya mavuno ya mpunga, ndiyo yenye nafuu, na ndiyo pia ambayo mtazamaji ana fedha ya kiingilio.

Nini kifanyike?

Leo vibanda umiza vingi huishi kwa mpira wa miguu, filamu husambaa kwa flashi na kadi za simu bila mwenye kazi kupata chochote, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimejaa sebuleni. Mafanikio ya tamthilia hizo yenyewe ni ushahidi kwamba mtazamaji havunjwi moyo na hadithi ndefu, ya nchi nyingine na karne nyingine, mradi imemfikia kwa lugha anayoielewa na kwa saa anayoweza kukaa.

Filamu huru za Kitanzania zinakosa njia hiyo tu. Tamasha la Filamu la Zanzibar liliwahi kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba badala ya kusubiri wanavijiji waje Ngome Kongwe. Utaratibu kama huo haushindikani Kyela. Ukumbi wa shule, projekta moja, shuka jeupe na ruhusa ya maandishi ya mwenye filamu vinatosha kuanza, na shule ina faida ambayo jumba la sinema halina: nusu ya ukumbi itakuwa imesoma kitabu.

Hapo mabishano yatakuwa ya haki. Atakayesema Denge wa kitabuni alikuwa mkali zaidi atajibiwa na aliyemwona kwenye shuka, na atakayesema filamu za namna hii ni nzito atakuwa amekwisha kuitazama moja hadi mwisho. Na huenda katika ukumbi huo akawapo mwanafunzi mmoja atakayeondoka akiwaza habari za kijiji cha wavulana, au za bibi aliyevuka Songwe akiwakimbia watekaji.